Kupumzika kando ya ziwa bila watoto: maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

 

Wiki hii tunajibu swali ambalo limetufikia kutoka vikundi zaidi ya kimoja. Linasema hivi: tumeweka akiba, tunataka kwenda kupumzika siku mbili kando ya maji, mahali pa kimya, watu wazima tu. Tuchague mahali namna gani? Ni swali zuri, na sisi wa kamati tuna sababu ya kulijibu, kwa kuwa tulikwisha kujaribu. Mengine tulifanya vizuri. Jambo moja tulikosea, na tutalisema hapa wazi ili ninyi msikosee vilevile.

Kwetu mambo yalianza na picha kwenye simu. Dada yetu mmoja anayekaa Nairobi alituma picha ya hoteli ya Zanzibar, huko Nungwi, kaskazini ya kisiwa. Maji ya bluu, mchanga mweupe, vitanda vya kulalia nje. Akaandika kwamba hoteli hiyo haipokei mtu ambaye hajafika miaka 18. Tulicheka sana. Mama mmoja akasema: "Mahali wanapokataza watoto? Nipelekeni, nitalala tu, hata hayo maji sitayaangalia." Tukacheka tena, halafu tukanyamaza. Mama prezida akauliza kila mmoja aseme ni lini mara ya mwisho alilala usiku mzima bila kuamshwa na mtoto, na mgonjwa, au na sauti ya bunduki. Hakuna aliyeweza kutaja siku.

Hapo tukaona kwamba kicheko kimekuwa neno la kweli.

Tunajua watakaosema: vita haijatuacha, mashamba yamejaa majani, na ninyi mnazungumza juu ya kupumzika kando ya ziwa? Tunawajibu kwa heshima. Wengi wetu tulikaa kambini Bulengo, magharibi ya Goma, mpaka kambi zilipovunjwa mwezi wa pili mwaka 2025 na tukarudi kwetu. Bulengo iko kando ya ziwa Kivu kabisa. Tulichota maji yale, tulifua ndani yake, tulibeba bido mgongoni asubuhi na jioni. Lakini hatukukaa hata saa moja kuliangalia ziwa. Mama anaweza kuishi karibu na maji mazuri kuliko yote ya nchi na asipumzike, kwa sababu mikono yake haijawahi kuwa tupu. Mwili wa mama ukichoka bila kupona, nyumba nzima inachoka. Tunapiga watoto bila sababu, tunasahau dawa, tunaungua na mafuta ya moto. Kwa hiyo hatuoni haya kuzungumza juu ya pumziko.

Zanzibar na mahali petu

Kwanza tumalize neno la Zanzibar, maana kuna wanaotamani na kuna wachache ambao watoto wao walio ng'ambo wanaweza kuwalipia. Hoteli za watu wazima peke yao zipo kweli. Moja inayojulikana ni RIU Palace Zanzibar, hukohuko Nungwi. Lakini hesabu haianzi na bei ya chumba. Inaanza na pasipoti, kisha ndege, kisha kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo mtu anayetoka Kongo ataulizwa. Tena tarehe 1 mwezi wa kumi 2024 Zanzibar ilianza kuwatoza wageni wanaotoka nje ya Tanzania bima ya dola 44 ili waingie. Ukifika huko, ujue pia kwamba kando zote za kisiwa si sawasawa. Upande wa mashariki, kama Paje na Jambiani, bahari inatoka na kwenda mbali sana mara mbili kwa siku, na mtu anayetaka kuoga anabaki anatembea kwenye matope na majani ya bahari. Upande wa Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali hivyo. Na mvua kubwa ni kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano. Anayeweza, aende, na atuletee habari.

Sisi wengine tuna ziwa letu. Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana upepo wake ni wa baridi nzuri. Halina mamba wala kiboko. Sambaza wake wanajulikana Goma na Bukavu, ijapokuwa si wenyeji wa ziwa hilo: waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959. Usiku unaona taa za wavuvi juu ya maji, na ukiwa mahali pa kimya unawasikia wakiimba. Kutoka Masisi-santa mpaka Goma ni karibu kilomita 80. Pumziko letu liko hapo, barabara ikiwa wazi.

Maswali ya kuuliza

Usichague mahali kwa picha. Picha haipigi kelele na haina harufu. Kikundi kitume watu wawili au watatu waende kuona, hata kama nauli ya moto inauma. Sisi tulituma wamama watatu, na faida ya safari yao ilikuwa kubwa kuliko nauli. Haya ndiyo waliyouliza, pamoja na yale ambayo sasa tungeyaongeza.

Swali la kwanza: kuna mazuku hapa? Hili liulizeni kabla ya kuuliza bei. Wakaaji wa Goma na Sake wanalijua, lakini wamama wanaotoka milimani au msituni hawalijui. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini kwa sababu ya volkano. Ni nzito kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo inajikusanya chini, kwenye mashimo, mabondeni na kwenye vighuba vya ziwa. Haina rangi, na pua haiwezi kukuonya. Inakuwa mbaya zaidi usiku na asubuhi mapema, wakati upepo umelala. Magharibi ya Goma, kando ya ziwa kuelekea Sake, iko mahali pengi. Inaua mbuzi, inaua mbwa, na inaua watu waliolala chini au waliokwenda kuoga alfajiri mahali ambapo hewa hiyo imelala juu ya maji. Mwulizeni mlinzi na majirani, msimwulize mwenye hoteli peke yake. Mkiona wadudu, ndege au mijusi wamekufa mahali pamoja bila sababu, ondokeni na mpande juu. Mkiona bendera au kibao cha hatari, msikipite kwa sababu ya picha. Na mahali popote kando ya ziwa letu, msishuke majini kabla ya jua kupanda.

Swali la pili: kimya chenu ni cha siku gani? Mahali pengi pazuri kando ya ziwa panakodishwa kwa arusi. Siku ya kazi ni kimya, Ijumaa jioni vikuza sauti vinafika, na mpaka Jumapili hulali. Pengine jirani ni kanisa la mkesha, au groupe inayotoa umeme imewekwa chini ya dirisha la vyumba vya bei nafuu. Wajumbe wetu walifika mahali pa kwanza siku ya Jumatano, wakapapenda. Wakarudi siku ya Jumamosi bila kusema, wakakuta muziki unatetemesha glasi mezani. Kwa hiyo fikeni mara mbili, na mara moja iwe usiku.

Swali la tatu: "watu wazima" maana yake nini kwenu? Hili mliulize bila haya. Kuna nyumba ambazo zinasema hazipokei watoto kwa sababu zinataka utulivu. Kuna nyingine ambazo zinasema hivyo kwa sababu biashara yao ni pombe na vyumba vya saa moja. Kikundi cha wamama kikilala hapo, jina la kikundi litarudi nyumbani kabla yao. Angalieni nani anaingia mchana, angalieni kama vyumba vina kufuli upande wa ndani, na choo kiko wapi usiku.

Swali la nne: bei inabeba nini? Ulizeni kama ni bei ya chumba au ya mtu, kama chai ya asubuhi imo, kama mnaweza kuleta chakula chenu. Pengine maji ya moto yanalipwa peke yake. Ulizeni kama wanapokea franga au dola tu, na kama noti ya dola yenye alama ndogo wataikataa. Na muhimu kwetu: barabara ikifungwa siku ya safari, je, watarudisha malipo ya mwanzo au watatuwekea siku nyingine? Andikeni jibu kwenye karatasi na waweke sahihi.

Swali la tano: tutafika kwa njia gani? Mahali pengine pa kimya kuliko pote ni visiwani. Idjwi ni kisiwa kikubwa, kina mananasi na kahawa, na magari ni machache sana. Tchegera, karibu na Goma, ni kisiwa kidogo chenye umbo la mwezi mwandamo, ukingo wa shimo la volkano ya zamani, na hifadhi ya Virunga ilijenga hapo kambi ya hema kwa watalii. Ni pazuri, lakini bei yake si ya likelemba. Kwa kisiwa chochote, neno letu ni moja: boti. Hatujasahau tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, wakati boti iliyotoka Minova ilizama ikikaribia bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea wao. Barabara ya Minova ilikuwa imefungwa na vita, watu wakajazana majini. Msipande boti iliyojaa. Msipande bila gile ya kuelea kwa kila mtu, na mtu aivae, asiikalie. Kama nahodha anasema gile ziko chache, pumziko hilo liacheni.

Na wale wa Walikale?

Dada zetu wa Walikale wanatuambia, kwa haki: mnasema ziwa, sisi tuko msituni, na lori inaweza kulala siku nyingi kwenye matope. Ni kweli. Pumziko ambalo safari yake inachosha kuliko kazi si pumziko. Wale wa upande wa Itebero na Hombo wanaweza kutazama Bukavu kuliko Goma, kama njia ni nzuri. Wengine wachague karibu. Ziko nyumba za wageni za parokia na za masista, ziko nyumba kando ya mto Lowa na mto Oso. Kando ya mto mnaweza kuketi, kupika samaki, kusikia maji na kulala. Ila mto si ziwa. Una nguvu ya kuvuta ambayo huioni, kwa hiyo kuogea mnachota, hamwingii.

Na Masisi yenyewe, wakati njia ni salama, ina maziwa ya Mokoto juu kwa upande wa Bashali, pamoja na monasteri ya watawa iliyoanzishwa miaka ya 1950. Maji yapo, kimya kipo, jibini ya Masisi ipo karibu. Si lazima kufika mbali ili kuona maji.

Habari ya njia ni ya kuuliza siku ileile ya safari. Waulizeni motari wanaopita kila siku, na wamama wanaokwenda sokoni. Habari ya wiki iliyopita ni ya zamani.

Pesa zitoke wapi

Tunaomba sana: zisitoke kwenye fungu la mshikamano. Fungu hilo ni la ugonjwa, la kilio na la mama anayezaa. Mwenzenu akipelekwa hospitali wakati sanduku liko tupu kwa sababu ya ziwa, kikundi kitavunjika, na hata kisipovunjika, upendo utavunjika. Fungueni fungu jingine, la hiari, lenye daftari lake. Wamama 20 wakiweka franga 500 kila mmoja kwa wiki, baada ya wiki 40 wana franga 400,000. Hazitoshi kwa hoteli kubwa, lakini kwa usiku mbili kwenye nyumba ya kawaida ni mwanzo mzuri. Na asiyeweza kutoa asisukumwe, wala asisemwe.

Juu ya mabwana: Kanuni ya Familia ilirekebishwa mwezi wa saba 2016, na sharti la mke kuomba ruhusa ya bwana kwa mambo ya kisheria liliondolewa. Lakini safari ya siku mbili si jambo la kumshangaza mtu na sheria mlangoni. Mwambieni baba wa watoto mapema, mwonyesheni mahali, mpeni namba ya simu ya nyumba. Mabwana wengi wa kikundi chetu walikubali walipoona daftari na walipojua ni nani anakwenda. Mmoja alisema tu: "Na mimi nani atanipeleka?" Tukamwambia aanzishe kikundi chake.

Jambo tulilokosea

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ndilo sababu ya barua hii.

Tulichagua nyumba ya masista kando ya ziwa. Haikuwa na mapambo. Vitanda vya chuma, neti nzima, bustani inayoshuka mpaka majini, na mawe meusi ya volkano badala ya mchanga mweupe wa Nungwi. Saa tatu za usiku kila mtu ananyamaza. Tulichagua Jumanne mpaka Alhamisi, kwa sababu siku za kazi bei inashuka na hakuna arusi. Tulijiona wenye akili.

Tulikwenda 11. Usiku wa kwanza wengine walilala saa kumi bila kugeuka. Asubuhi mama mmoja aliamka akaanza kutafuta ndoo, akakumbuka hakuna anayemngoja, akaketi kitandani akicheka peke yake. Wengine walilia. Hilo tuwaambie mapema: mtu aliyebeba mengi, akifika mahali pa kimya, yale aliyoyabeba yanapanda. Kwa bahati tulikuwa na mama mmoja anayefanya kazi kwenye nyumba ya kusikiliza wanawake, na alijua kukaa na mtu bila kumharakisha na bila kumwuliza mengi. Kikundi chochote kikienda, kiende na mtu wa namna hiyo.

Siku ya tatu tulirudi tukiwa wazuri, nguo safi, kila mmoja na kifungu cha sambaza wakavu. Ndipo tukajua.

Kabla ya kuondoka tulikuwa tumeulizana: watoto wanabaki na nani? Kila mtu alijibu: na shangazi, na koko, na jirani, na baba yao. Tuliandika, tukapita. Hatukwenda kuuliza hao shangazi na hao koko. Kwenye nyumba moja shangazi aliitwa kwenye kilio siku ya Jumanne asubuhi, akaondoka. Baba alikuwa kazini mbali. Aliyebaki na wadogo wanne alikuwa msichana wa miaka 12. Alipika, alichota maji, alimbeba mdogo mgongoni, usiku alifunga mlango na kuweka mti nyuma yake. Siku tatu hakwenda shule. Yuko mwaka wa sita, mwaka wa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, na alikosa majaribio mawili ya hesabu.

Hakulalamika. Alimpokea mama yake, akamtolea kifungu mkononi, akamwuliza kama ziwa lilikuwa zuri.

Mama huyo alituomba tuandike habari hii bila jina lake. Tulipokutana wiki iliyofuata, tuliwahesabu wasichana wa nyumba nyingine, tukakuta si yeye peke yake. Wengine wawili walikosa siku moja moja. Hakuna aliyewatuma. Walikuwa tu pale, na kila mtu mzima aliyetoka alijua kwamba wapo. Sisi tulikwenda mahali ambapo watoto hawapokelewi, na gharama ya mahali hapo imelipwa na mtoto.

Hatusemi haya ili mama aogope kutoka. Tukisema hivyo, tutakuwa tumerudi palepale, na wasichana hao watakua wawe wamama ambao hawajui mara ya mwisho walilala lini. Tunasema kwamba kuchagua mahali kunaanzia nyumbani, kabla ya ziwa. Tumeweka kanuni nne, na kikundi chetu kimezipigia kura.

Moja. Hakuna anayelipa malipo ya mwanzo kabla ya kutaja mtu mzima atakayelala kwenye nyumba yake, na mtu wa pili kama wa kwanza akiitwa. Mama wa kamati anakwenda kuzungumza nao wote wawili, uso kwa uso.

Mbili. Msichana wa shule si mlinzi wa nyumba. Wala mvulana. Hata akisema anaweza.

Tatu. Safari iwe wakati wa likizo kubwa, mwezi wa saba au wa nane. Ni wakati wa jua, barabara ni kavu, na hakuna mtoto anayekosa darasa. Bei ikiwa juu kidogo, tutaongeza wiki za akiba. Kimya cha siku za kazi kinapatikana hata wakati wa likizo.

Nne. Hatuendi wote pamoja. Nusu inakwenda, nusu inabaki na inapita kwenye nyumba za waliokwenda, asubuhi na jioni. Halafu tunabadilishana. Wanaobaki wasiitwe wasaidizi, maana zamu yao inakuja.

Kuna swali ambalo hatujalimaliza, nalo ni la wanaonyonyesha. Nyumba ya watu wazima peke yao haitaki mtoto mchanga, na mama mwenye mtoto wa miezi minne ndiye aliyechoka kuliko wote. Masista walitukubalia watatu waje na wachanga wao, wakapewa vyumba vya mwisho kabisa wa jengo. Wengine tulipokezana kubeba wachanga mchana ili mama zao walale. Wako waliosema kwamba hapo kimya kiliharibika. Wako waliosema kwamba pumziko linalomwacha nje mama mchanga si la kikundi. Sisi wa kamati tuko upande wa hao wa pili, lakini tungependa kusikia ninyi mnafanya namna gani. Leteni maoni yenu kwa mama anayegawa gazeti kwenye kijiji chenu, au mseme siku ya mkutano.

Na kama kikundi chenu hakina pesa hata ya safari moja, msingoje ziwa. Chagueni Jumamosi moja, wamama watano wabebe watoto wa wamama watano wengine tangu asubuhi mpaka jioni, wiki nyingine mbadilishane. Mlango ufungwe, sufuria ipumzike, mama alale. Tulijaribu hilo pia wakati tukingoja likizo, na halikutugharimu kitu.

Yule msichana wa mwaka wa sita, mwalimu alimpa nafasi ya kurudia majaribio yale mawili. Shangazi mmoja wa kikundi anamsaidia hesabu kila jioni, na mama yake ndiye anayechota maji saa hizo. Mwezi wa nane zamu ya pili inakwenda ziwani. Mama huyo yuko kwenye kundi la wanaobaki, kwa kuomba mwenyewe.

Tubaki na afya, wamama. Tuonane wiki ijayo.